Despacito: Kolabo ya Lugha Mbili Iliyotikisa Chati

"Despacito", neno la Kihispania lenye maana ya "taratibu", ni wimbo wa Luis Fonsi wa Puerto Rico akiwa na mwenzake wa kisiwa hicho, Daddy Yankee. Ulitoka Januari 2017 ukiwa wa Kihispania. Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo ulitoka tena, safari hii ukiwa na sauti ya Justin Bieber wa Kanada na beti za Kiingereza. Ni toleo hili la pili lililoupandisha hadi kileleni mwa chati ya Marekani.

Utunzi wake ulianza mwishoni mwa mwaka 2015 nyumbani kwa Fonsi, Miami. Fonsi alikuwa na jina la wimbo na mwanzo wa kiitikio, akakaa na mtunzi Erika Ender, mzaliwa wa Panama, wakajenga mashairi kwa gitaa. Walichopata kilikuwa wimbo wa mapenzi wa mwendo wa upole, na Fonsi mwenyewe alijulikana zaidi kwa nyimbo za aina hiyo. Kazi ya kuutia mdundo wa kuchezeka iliangukia maprodyusa wawili wa Kolombia, Andrés Torres na Mauricio Rengifo. Kisha akaitwa Daddy Yankee, ambaye "Gasolina" yake ya mwaka 2004 ilikuwa imeupeleka mtindo wa regetoni mbali na visiwa vya Karibi, akaongeza ubeti wake.

Utengenezaji huo unastahili kusikilizwa kwa makini. Wimbo unafunguliwa na cuatro, ala ya nyuzi ya Puerto Rico iliyo ndogo kuliko gitaa, iliyopigwa na Christian Nieves. Mdundo wa regetoni, ambao asili yake ni Jamaika na ulipitia Panama kabla ya kukomaa Puerto Rico, haujitokezi mara moja. Unaachiwa nafasi baada ya sauti ya Fonsi kuzoeleka. Na pale kiitikio kinapofika, ala zinanyamaza na mwendo unalegea kidogo ili jina la wimbo litamkwe silabi kwa silabi, ndipo ngoma zirudi. Hata asiyejua Kihispania anaipata maana kwa namna muziki unavyopunguza mwendo.

Video iliongozwa na Carlos Pérez na kupigwa La Perla, mtaa wa watu wa kawaida ulio ufukweni, nje ya kuta za mji mkongwe wa San Juan. Ndani yake yumo Zuleyka Rivera, Miss Universe wa mwaka 2006. Kabla ya toleo la pili kutoka, wimbo ulikuwa umeshaongoza chati ya nyimbo za Kilatini ya jarida la Billboard na chati za nchi nyingi zinazozungumza Kihispania. Bieber hakuuokoa wimbo uliokuwa unakufa.

Aprili 2017 Bieber alikuwa Kolombia katika ziara yake ya kimataifa. Aliusikia klabuni, akaona watu wanavyoupokea, akaomba kuingia. Siku chache tu baadaye sauti zake zilirekodiwa Bogotá. Mwanamuziki wa huko, Juan Felipe Samper, alikaa naye studio akimwelekeza matamshi, kwa sababu uamuzi mkubwa ulikuwa umefanyika: Bieber angeanza kwa ubeti wa Kiingereza, lakini kiitikio angekiimba kwa Kihispania kama kilivyo. Beti za Fonsi na Daddy Yankee hazikutafsiriwa. Fonsi na Bieber walikuwa na uhusiano na kampuni zilizo chini ya Universal, na huenda hilo lilifanya ruhusa zipatikane haraka.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Billboard hujumlisha usikilizaji wa mtandaoni, redio na mauzo, na matoleo yote mawili yalihesabiwa kama wimbo mmoja. Redio za Kiingereza zilizokuwa zimeupita wimbo sasa zilikuwa na sababu ya kuupiga. Katika chati ya tarehe 27 Mei ulishika namba 1 ya Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani, jambo ambalo wimbo wenye Kihispania kingi haukuwa umelifanya tangu "Macarena" mwaka 1996. Ulikaa hapo wiki 16, sawa na rekodi ya wakati huo ya "One Sweet Day" ya Mariah Carey na Boyz II Men.

Katika YouTube, hata hivyo, heshima ni ya toleo la mwanzo. Bieber hakupiga video, hivyo ni video ya La Perla, yenye Kihispania kitupu, iliyokuwa ya kwanza kufikisha mara bilioni 3 za kutazamwa, Agosti 2017. Si kila mahali ulipokelewa kwa mikono miwili: Malaysia iliuondoa kwenye vituo vya serikali kwa sababu ya mashairi yake ya mahaba.

Zamani safari kati ya lugha hizi mbili ilikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1999 Ricky Martin, naye wa Puerto Rico, alilipata soko la Marekani kwa "Livin' la Vida Loca", wimbo wa Kiingereza, na mwaka 2002 Fonsi alijaribu njia hiyohiyo kwa albamu ya Kiingereza isiyofika mbali. "Despacito" iligeuza uelekeo: nyota wa Kiingereza ndiye aliyejifunza maneno ya wenyeji. Septemba 2017 Beyoncé alipita njia hiyo alipoimba kwa Kiingereza na Kihispania katika "Mi Gente" ya J Balvin na Willy William, na mapato yake akayaelekeza kwa waathirika wa majanga ya Puerto Rico, Meksiko na visiwa vingine vya Karibi.

Novemba mwaka huo "Despacito" ilitwaa tuzo nne za Latin Grammy, mojawapo ikiwa ya toleo lenye Bieber. Katika Grammy za Januari 2018 iliteuliwa mara tatu, ikatoka mikono mitupu.