MLANGO UNAFUNGUKA KWA UPANDE GANI?



Kila mutu anajua kwa nini tunafunga dortwari usiku: ni sababu ya wezi. Ni vizuri. Lakini mlango una kazi mbili: kuzuiza mubaya asiingie, na kuacha watu wa ndani watoke mbio siku ya hatari. Mara nyingi tunakumbuka kazi ya kwanza tu.

Tuangalie mambo mawili yaliyotokea kweli.

La kwanza ni Uingereza, katika mji wa Sunderland, tarehe 16-6-1883. Watoto wengi walikuwa wanaangalia mchezo ndani ya jumba la Victoria Hall. Mwishoni, zawadi zilianza kugawiwa chini, na watoto wa juu wakashuka ngazi mbio ili wasikose. Kumbe mlango wa chini ulikuwa wa kufunguka kwa ndani, tena ulikazwa na komeo, ukaacha nafasi ya mtoto mmoja mmoja tu. Wa mbele wakakwama, wa nyuma wakazidi kusukuma bila kujua. Watoto 183 wakakufa. Moto haukuwako, wala mwizi. Ni mlango tu.

Katika mwaka 1892 Mwingereza Robert Alexander Briggs alipata hati ya komeo ya namna mpya: mutu wa nje hawezi kufungua, lakini wa ndani akisukuma fito, mlango unafunguka mara moja bila ufunguo.

La pili ni karibu yetu: shule ya sekondari ya Kyanguli, upande wa Machakos, Kenya, mwezi wa tatu 2001. Moto uliwaka usiku katika dortwari. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Vijana 67 walikufa.

Na sisi je? Katika dortwari ya wavulana, mlango wa nyuma unatiwa kadena saa tatu ya usiku, na ufunguo unalala mbali. Basi tuchunguze hivi:

1. Milango ifunguke kwa nje. Ule wa kufunguka kwa ndani, watu wakiusukuma wanaufunga wao wenyewe.
2. Kila dortwari iwe na milango miwili, kila mmoja upande wake. Usiku tutumie komeo ya ndani, si kadena.
3. Vyuma vya madirisha mawili hivi vitiwe bawaba, vifunguke toka ndani.
4. Njia ya katikati ya vitanda isijazwe masanduku. Watu wawili wapite pamoja.
5. Mahali pa kukusanyika pajulikane, na majina yaitwe. Tujaribu hata usiku.

Wengine watasema: «Wezi wataingia!» Kwa wezi kuna sentineli. Godoro likiibiwa, tutanunua lingine. Mtoto hanunuliwi.

Hata Torati (Kumbukumbu 22:8) inaagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukuta mdogo kwenye dari, ili mutu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Maana yake: mwenye nyumba anaulizwa juu ya uzima wa waliomo.

Tunamuomba Bwana Prefe, kwa heshima, tuanze na ile kadena.