Soketi ya Kifaa cha Kupachikia Programu: Matumizi na Matunzo

Mikrokontrola ni kompyuta kamili ndani ya chipu moja, nayo haifanyi kazi yoyote mpaka ipachikwe programu. Upachikaji huo hufanywa na kifaa maalumu, na chipu huwekwa katika soketi yake. Wanafunzi wengi huishughulikia programu kwa makini sana, ilhali soketi huisahau, na aghalabu soketi ndiyo inayoharibika kwanza.

Soketi bora ina wenzo mdogo pembeni. Wenzo ukisimamishwa, springi hufunguka na pini huingia bila kusukumwa. Ukilazwa, springi huzibana pini. Kwa kawaida springi hizo ni za shaba iliyochanganywa na berili, kisha zikapakwa dhahabu au bati. Mtu wa Kilwa, kando ya ziwa Mweru, ambako shaba ya mgodi wa Dikulushi uliofunguliwa mwaka 2002 ilivushwa kwenda Zambia, hahitaji kuelezwa kwamba shaba iliyoachwa wazi hubadilika rangi.

Hatari kubwa ni kwamba soketi chafu hudanganya. Chipu tupu ya AT89C51 husomeka FF katika kila anwani, yaani biti zote nane ni 1. Soketi isiyozigusa pini nayo huweza kusomeka FF vilevile! Kifaa hutangaza kwamba chipu ni tupu na iko tayari, kumbe hakijaisoma kabisa. Hivyo hapana budi kusoma kwanza alama ya utambulisho, ambayo kwa chipu hiyo huanza na 1E ikifuatiwa na 51. Alama isipopatikana, kuandika kusianze. Kwa PIC16C54 ya plastiki, inayoandikwa mara moja tu, pini moja isiyogusa vizuri yatosha kuipoteza chipu. Na aliye Kilwa yuko takriban kilomita 350 kutoka Lubumbashi.

Matunzo yenyewe ni mepesi. Chipu iliyong'olewa kwenye bodi husafishwa kwanza, kwani mabaki ya risasi ya kulehemia na utomvu wake huhamia kwenye springi. Soketi hufunikwa isipotumika, hasa wakati wa kiangazi chenye vumbi. Umeme ukiwa umezimwa, husuguliwa polepole kwa brashi laini na spiriti ya isopropili, kisha huachwa ikauke. Msasa usitumike kamwe: utando wa dhahabu ni mwembamba mno, na ukiisha kukwanguliwa haurudi. Wenzo nao ulazwe tu baada ya kuhakikisha pini ya kwanza iko mahali pake, kwa kuwa chipu iliyogeuzwa huweza kuungua mara moja.

Springi zikilegea, usafishaji haufai tena; soketi hubadilishwa. Kazi hiyo huwa rahisi iwapo tangu mwanzo soketi ilichomekwa juu ya soketi nyingine ya kawaida, badala ya kulehemiwa moja kwa moja kwenye bodi.