Watoto Wanane na Nyumba Iliyoungua

Wajukuu zangu, hii si ya paukwa pakawa. Ilitokea kweli, na waliokuwamo waliiandika kwa mikono yao.

Twendeni Uingereza, katika jimbo la Lincolnshire, kwenye mji mdogo uitwao Epworth. Mwaka ni 1709. Nchi ya huko ni tambarare na zamani ilikuwa kinamasi, na mwezi wa Februari baridi yake hugonganisha meno. Kasisi wa mji huo aliitwa Samuel Wesley. Alikuwa msomi na mtunzi wa mashairi, lakini niseme tu, kuishi na watu kulimshinda. Aligombana na waumini wake juu ya siasa, na madeni yalimwandama hata mwaka 1705 akafungwa gerezani Lincoln. Akiwa huko, watu waliwachoma visu ng'ombe wake usiku, hao hao waliokuwa wakiwapa watoto maziwa. Mkewe, Susanna, alizaa watoto 19 kwa jumla, na karibu nusu yao aliwazika wangali wachanga. Usiku ninaotaka kuwasimulia, watoto 8 walikuwa wamelala nyumbani, kaka yao mkubwa alikuwa shuleni London, na Susanna alikuwa na mimba nzito.

Nyumba yao ilikuwa kuukuu, ya mbao na lipu, imeezekwa nyasi. Nyinyi mliokulia pwani mmeona paa la makuti likishika moto linavyokwenda. La Epworth lilikwenda hivyo hivyo, tena upepo wa kaskazini-mashariki ukiuchochea.

Ilikuwa tarehe 9 Februari, usiku wa saa tano hivi. Cheche zilimwangukia binti mmoja, Hetty, miguuni akaamka. Wakati huohuo baba alisikia watu wakipiga kelele za moto barabarani, wala hakujua kwamba nyumba inayoungua ni yake. Alipofungua mlango wa chumba chake alikuta moshi umejaa. Akamwamsha mkewe na binti zake wakubwa, kisha akakimbilia chumba cha wadogo. Yaya alimbeba Charles, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja na nusu, akawaambia wengine wamfuate. Walishuka mbio hadi ukumbini, kumbe mlango umefungwa na funguo zimebaki juu! Baba akapanda tena kuzifuata. Aliposhuka, haikupita dakika nyingi ngazi nayo ikawaka.

Mlango ulipofunguliwa, upepo uliwarudishia ndimi za moto usoni. Watoto wengine walitolewa madirishani, wengine wakapitia kijilango cha bustanini. Susanna, kwa hali yake, hakuweza kupanda dirisha wala kuufikia mlango wa bustani. Mara tatu alijaribu kutoka kwa mlango wa mbele, mara tatu moto ukamrudisha. Akasimama, akamwomba Mwokozi wake amwepushe na kifo kile, ikiwa ndiyo mapenzi yake. Kisha akapita katikati ya moto kwa miguu yake. Alitoka akiwa ameungua kidogo mikononi na usoni.

Nje wakahesabiana. Watoto walikuwa saba.

Aliyekosekana ni Jacky, mtoto wa miaka 5. Wenzake walipomfuata yaya, yeye usingizi haukuwa umemtoka. Baba alijaribu kupanda ngazi, lakini hazikuweza tena kubeba mtu. Basi akapiga magoti palepale ukumbini, akaikabidhi roho ya mwanawe kwa Mungu. Huko juu, Jacky alikuwa ameamka akaona mwanga, akadhani kumekucha. Alipochungulia nje ya pazia la kitanda aliona michirizi ya moto darini. Hakupoteza muda. Alipanda kasha lililokuwa karibu na dirisha, na watu wa uani wakamwona.

Mmoja alitaka kukimbilia ngazi ya kuegemeza ukutani. Mwingine akasema hakuna nafasi hiyo. Mtu mmoja akasimama ameuegemea ukuta, mwenzake akapanda mabegani mwake, na mtoto akavutwa kupitia dirishani. Mara hiyohiyo paa likaporomoka, kwa bahati likaangukia ndani.

Kasisi Wesley alipomkumbatia mwanawe aliwaita majirani wapige magoti wote wamshukuru Mungu. Alisema watoto wake wote wanane amepewa, nyumba na iende, yeye ni tajiri vya kutosha. Angalieni anawaambia akina nani: wengine wao ndio aliokuwa akigombana nao kila siku. Hata leo hajulikani aliyeuwasha moto ule. Wengi wamewashuku maadui wa kasisi, lakini hakuna aliyethibitishwa.

Asubuhi yake, baba alizunguka kwenye majivu. Vitabu vyake vyote vilikuwa vimeteketea, pamoja na maandishi aliyoyafanyia kazi kwa miaka. Akaokota ukurasa mmoja wa Biblia yake uliobabuka, na maneno yaliyosomeka yalikuwa ya Kilatini, yale ya Yesu akimwambia kijana tajiri auze alivyo navyo, ajitwike msalaba, amfuate.

Wasimulizi wengi huishia hapo, maana ni pazuri. Mimi napenda yaliyofuata, ambayo hayana cheche. Kumshukuru Mungu usiku ule, mtoto wako akiwa mikononi na hai, naona kulikuwa kwepesi. Kazi ilikuwa kesho yake, familia haina pa kulala, na mama anakaribia kujifungua.

Watoto walitawanywa. Sukey na Hetty walipelekwa London kwa ndugu wa baba yao, Matthew, aliyekuwa daktari wa upasuaji. Wengine walichukuliwa na majirani. Emilia, binti mkubwa, alibaki na mama, na mwezi uliofuata akazaliwa mtoto mwingine, Kezia. Kasisi akaanza kujenga upya, safari hii kwa matofali, nyumba kubwa na ya fahari. Iligharimu kama pauni 400, na fedha hizo hakuwa nazo. Kwa maoni yangu angejenga ndogo. Miaka mingi baadaye vyumba vyake vilikuwa bado havina samani za kutosha, na madeni hayakumwacha mpaka alipofariki mwaka 1735.

Susanna naye alikuwa na ujenzi wake. Katika moto ule barua na maandishi ya baba yake mzazi yaliungua, na pia karatasi zake mwenyewe. Mapema mwaka 1710, watoto wangali wametawanyika, aliketi akamwandikia Sukey barua ndefu, ndefu kama kitabu, akimfafanulia Imani ya Mitume kifungu kwa kifungu. Hakuwa na nyumba ya kumwita binti yake arudi, basi akamfuata huko huko kwa kalamu.

Nyumba ilipokwisha na watoto kukusanywa, mama alishtuka. Walikuwa wamejifunza nyimbo za ovyo. Siku ya Bwana hawakuijali tena. Matamshi yao yalikuwa yamebadilika, na adabu iliyomgharimu miaka kuwafunza ilikuwa imepeperuka. (Mnacheka? Hata nyinyi mkirudi kutoka likizo kwa binamu zenu huwa hivyo hivyo.) Alianza upya. Masomo yalifunguliwa na kufungwa kwa zaburi, asubuhi na jioni. Saa kumi na moja jioni, mtoto mkubwa kuliko wote alimchukua mdogo kuliko wote aliyeweza kusema, anayefuata akamchukua anayefuata, wakaenda wawili wawili kusomeana zaburi za siku hiyo na sura moja ya Agano Jipya.

Kisha Emilia akaokota kitabu katika maktaba ya baba, habari za wamisionari waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda kusini mwa India. Susanna alikisoma akashindwa kukiweka chini. Akajiuliza: ikiwa hao wamevuka bahari kwa ajili ya watu wasiowajua, yeye je, na walio mezani pake? Akaamua kila jioni azungumze na mtoto mmoja peke yake. Jumatatu ilikuwa ya Molly, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Nancy, Alhamisi ya Jacky, Ijumaa ya Patty, Jumamosi ya Charles, na Jumapili Emilia na Sukey waligawana. Hebu fikirini, mama mwenye nyumba nzima ya kuendesha, na saa hiyo ni yako, hakuna ndugu wa kukukatiza.

Majira ya baridi yaliyofikia mwaka 1712, baba alikuwa London kwenye mkutano wa makasisi. Jumapili jioni Susanna alisali jikoni na watoto na watumishi, akawasomea hotuba. Mtumishi mmoja kijana aliwaambia wazazi wake, nao wakaomba kuja. Majirani wakafuata. Jumapili moja walifika zaidi ya 200, wengine wakarudi kwa kukosa pa kusimama. Watu ambao kasisi hakuweza kuwapatanisha na kanisa lake sasa walijibana jikoni kwa mkewe, katika nyumba iliyojengwa juu ya majivu.

Msaidizi wa kasisi alilalamika kwa barua. Mume naye aliandika akiwa na mashaka: mwanamke kusomea umati? Kwa nini asimpe mtu mwingine asome? Susanna akamjibu kwamba wanaume waliopo wengi wao hawawezi kusoma hotuba bila kuendelezaendeleza herufi. Na kama anataka mikutano ivunjwe, asimwambie kuwa anapendelea hivyo. Amwamuru waziwazi, ili mbele ya hukumu ya Kristo lawama isiwe juu ya Susanna. Mikutano iliendelea.

Huyo Jacky mnamjua. Ni John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, na Charles aliyebebwa na yaya ndiye mtunzi wa maelfu ya nyimbo za kanisani, nyingine zikiimbwa hata kwa Kiswahili. Mwaka 1862 Wamethodisti walifungua kituo Ribe, karibu na Mombasa, na kutoka huko kanisa lao likaenea hadi Meru. John alijiita kinga kilichotolewa motoni, kama nabii Zekaria alivyosema.

Mwaka 1732, akiwa mwalimu Oxford na umri wa miaka 28, alimwandikia mama yake akiomba ampe tena ile sehemu ndogo ya Alhamisi jioni, sasa kwa maombi. Mwaka huohuo alimsihi amwandikie kanuni alizowalelea. Susanna alimjibu mwezi Julai kwa barua ndefu, na humo ndimo alimotaja zile nyimbo za ovyo walizorudi nazo.