Yufoniamu: Sauti ya Katikati katika Bendi

Wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa mnaotamani kujifunza vyombo vya shaba, leo twataka kuwaelezeni habari za chombo ambacho vijana wengi hukipita bila kukitazama. Kila kijana aingiaye katika bendi huomba tarumbeta, kwa kuwa ndilo lisikiwalo mbali. Akikosa, huomba ngoma kubwa. Basi bendi huwa na kelele juu na mshindo chini, na katikati ni patupu. Hapo katikati ndipo mahali pa yufoniamu.

Chombo hiki kilibuniwa Ujerumani yapata mwaka 1843, na jina lake latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya sauti nzuri. Lakini msidhani asili yake ni ngeni kwetu. Wazee walijua baragumu la pembe. Tena ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za askari, ilienea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, vita iliyofika Mahiwa na Lukuledi, jirani zetu kabisa. Palipokosekana shaba, watu wa upande wa Ziwa Nyasa walitengeneza malipenga ya vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Hiyo ilikuwa akili kubwa.

Sasa tutazame kazi yake. Mpiga baragumu akikaza midomo hupata sauti ya pili iliyo juu kuliko ya kwanza, lakini kati ya hizo mbili hana kitu. Yufoniamu nayo ni pembe, ila ni bomba la futi 9 hivi lililokunjwa lipate kupakatwa, jembamba mdomoni na kupanuka polepole mpaka mwisho. Kupanuka huko ndiko kunakoilainisha sauti. Bila kubonyeza kitu, midomo peke yake hutoa Do, Sol, Do ya juu, Mi, na Sol tena. Mapengo yaliyobaki huzibwa na pistoni tatu. Kila pistoni ikibonyezwa huipitisha pumzi katika kipande cha bomba cha ziada, na bomba likirefuka sauti hushuka: ya kwanza huishusha nusu-sauti mbili, ya pili moja, ya tatu tatu. Zikichanganywa, mpigaji ana marefu saba ya bomba katika chombo kimoja. Vyombo vingine vina pistoni ya nne, lakini mwanafunzi asiihangaikie.

Huenda mtu akauliza, kwa nini nianze na chombo hiki kizito, nami sina kifua cha simba? Jibu ni midomo. Kinywa cha tarumbeta ni kidogo, na sauti zake za juu huichosha midomo ya mwanafunzi upesi. Kinywa cha yufoniamu ni kipana, midomo yapata nafasi ya kutetemeka. Ni kweli kwamba chahitaji pumzi nyingi, na mtoto mdogo yafaa apige ameketi. Lakini vidole vya yufoniamu ni vile vile vya tarumbeta. Ajuaye kimoja hahitaji kuanza upya katika kingine. Wala si kazi ya nyuma. Gustav Holst, mtungaji wa Uingereza, alipoandika mwaka 1909 muziki wake wa kwanza wa namna hiyo kwa bendi ya askari, aliwapa yufoniamu na besi kazi ya kuanza, wengine wote wakisubiri.

Mwanafunzi asiye na chombo aweza kuanza leo. Afunge midomo, apulize mpaka itetemeke kama ya mtoto aigizaye motokaa, bila kuvimbisha mashavu. Akipata chombo, apige sauti moja ndefu, tulivu, dakika 10 kila siku, kabla ya kutafuta wimbo. Maji yatokayo katika bomba yasimtishe: ni mvuke wa pumzi uliopoa. Kinachoua chombo ni vumbi la kiangazi likichanganyika na pistoni kavu. Zifutwe kwa kitambaa safi, zitiwe mafuta mepesi yake, na kinywa kioshwe kabla ya kumpa mwenzako.