Motokaa Mbili za Zamani: Volkswagen na Peugeot 404

Mtu aliyeweka akiba kwa taabu, naye akatamani kununua motokaa ya zamani iliyo imara, mara nyingi husikia majina mawili: Volkswagen ile yenye umbo la kobe, na Peugeot 404. Zote mbili zilijipatia sifa katika Afrika ya Mashariki, wala si sifa ya maneno matupu. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, na 7 tu ndizo zilizofika mwisho.

Lakini mshindani ana mafundi na vipuri vinavyomngoja njiani. Mnunuzi wetu hana, basi na tuzitazame kwa jicho lake.

Injini ya Volkswagen imekaa nyuma, penye magurudumu yanayoisukuma. Hiyo ndiyo siri yake matopeni: uzito wa injini huyakandamiza magurudumu hayo yakashika ardhi, na tumbo lake bapa huteleza juu ya tope ambapo nyingine hukwama. Tena haina rejeta. Injini hupozwa kwa upepo, hata mwenye nayo hana haja ya kuchukua debe la maji akipanda mlima wakati wa jua kali. Walakini upepo huo huletwa na feni inayozungushwa na mkanda. Mkanda ukikatika, taa nyekundu huwaka mbele ya dereva, na asiposimama upesi injini itaungua. Yafaa awe na mkanda wa akiba siku zote.

Ubaya wake ni nafasi. Mizigo hukaa kidogo mbele, pamoja na tangi la petroli, na kidogo nyuma ya kiti. Nguvu zake pia ni haba. Hata injini ya mwanzo wa miaka ya 1960 ilikuwa na nguvu za farasi 34 tu. Nyingi za miaka ya 1950 hazina hata kipimo cha petroli: injini ikianza kukohoa, dereva hufungua akiba kwa mguu. Na anayeingia kona kwa kasi ajihadhari, maana sehemu ya nyuma huweza kumponyoka.

Peugeot 404 ilitokea Ufaransa mwaka 1960, injini ikiwa mbele, na nguvu zake karibu maradufu ya mwenziwe. Springi zake hupokea mashimo ya barabara za changarawe bila kumchosha abiria. Ile ndefu ilikuwa na safu tatu za viti, na pikapu yake ilifaa sana kwa mazao. Lakini hutegemea maji. Rejeta ikipasuka mbali na kisima, safari imekwisha.

Kwa maoni yetu, mwalimu aendaye peke yake katika njia za matope atafaidika na Volkswagen. Mwenye jamaa wengi au magunia ya kupeleka sokoni achukue 404, ijapokuwa hunywa petroli zaidi.

Kabla ya kulipa, inua kiti cha nyuma cha Volkswagen utazame sakafu chini ya betri, kwani kutu hupenda kuanzia hapo. Katika 404, fungua rejeta injini ikiwa baridi. Ukiona mafuta yakielea juu ya maji, rudi nyumbani na fedha zako.