Diski Zilizotumika: Namna ya Kuzitayarisha kwa Hesabu za Chama

Chama cha msingi husimama juu ya nguzo mbili: imani ya wanachama na daftari lililo sahihi. Mkulima wa Katerero au wa Kamachumu anapofikisha kahawa yake ghalani hupimiwa, huandikiwa na hupewa stakabadhi. Kilo zilizoandikwa siku ile ndizo msingi wa malipo yake, na wa nyongeza yoyote itakayopatikana baadaye. Daftari likipotea, hakuna awezaye kusema kwa hakika nani anadai nini, na hapo ndipo ugomvi huanza.

Siku hizi vyama vingi huweka hesabu katika kompyuta, na kwa kuwa vifaa vipya ni ghali, makatibu hushawishika kununua diski zilizotumika. Si vibaya kufanya hivyo, mradi ifahamike diski hizo zimetoka wapi na zinahitaji matayarisho gani. Wenyeji wa Kagera wanajua hasara ya butura, yaani kuuza kahawa ingali ua mtini kabla mzigo haujaonekana wala kupimwa. Kununua diski bila kuipima kunafanana na biashara hiyo.

Diski za kundi

Diski nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zilitolewa katika kompyuta kubwa za maofisi, ambamo hazikufanya kazi moja moja bali kwa kundi. Utaratibu huo huitwa RAID. Jina hilo lilienea baada ya mwaka 1988, wataalamu David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika juu yake.

Makundi hayo ni ya namna nyingi, lakini tatu zatosha kueleza jambo. Namna ya kwanza ni ya kugawana: ukurasa wa kwanza huandikwa katika diski moja, wa pili katika nyingine. Kazi huenda upesi, lakini diski moja ikifa hesabu yote huharibika. Namna ya pili ni ya nakala: kila kinachoandikwa katika diski moja huandikwa pia katika mwenzake. Namna ya tatu ni ya jumla. Tuseme ghala la kwanza lina magunia 40, la pili 25, na karani ameandika pembeni kwamba jumla ni 65. Karatasi ya ghala la pili ikiungua, yatosha kutoa 40 katika 65, na 25 hurudi. Kompyuta hutumia hesabu ya namna yake, lakini maana ni hiyo hiyo.

Ili kundi lijitambue, kila diski huwekewa alama ya siri inayoeleza ni ya kundi gani na ya ngapi katika safu. Alama hiyo huweza kuwa mwanzoni mwa diski au mwishoni kabisa. Kwa sababu hiyo diski iliyotengwa na wenzake huleta matata. Kompyuta huweza kusema kuwa ni tupu, au ina kasoro, au ni ya kundi geni. Kuisafisha juu juu hakusaidii sana, kwani usafishaji wa haraka huandika fahirisi mpya tu na huweza kuiacha alama ya zamani, ikaleta fujo siku nyingine.

Hatua za kufuata

Kwanza, diski yenye hesabu za chama iondolewe katika kompyuta kabla kazi haijaanza. Amri ya kufuta haichagui, na katibu aliyekosea herufi moja huweza kufuta msimu mzima.

Pili, diski isomwe afya yake. Diski nyingi hujiwekea kumbukumbu iitwayo SMART, inayoonyesha saa ilizofanya kazi na idadi ya sehemu zilizoharibika. Mwaka una saa 8,760. Basi diski yenye saa 43,800 imefanya kazi miaka 5 bila kupumzika. Ikiwa sehemu zilizoharibika zimekwisha kuonekana, hata chache, diski hiyo isikabidhiwe hesabu. Uchunguzi wa kampuni ya Google uliotolewa mwaka 2007, juu ya diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba diski nyingi zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili zilizo nzito katika kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo dalili mbaya ni sababu ya kukataa, lakini kukosekana kwa dalili si dhamana.

Tatu, itazamwe kama diski inaingia katika kompyuta ya chama. Diski za aina ya SAS hazifungiki katika kompyuta ya kawaida yenye nafasi za SATA. Tena baadhi ya diski za kompyuta kubwa zimegawanywa katika vipande vya baiti 520 badala ya 512, na hazitatumika mpaka zipangwe upya na fundi.

Nne, alama ya kundi ifutwe. Katika mfumo wa Linux, programu za mdadm na wipefs hufanya kazi hiyo.

Tano, diski yote iandikwe sifuri toka mwanzo hadi mwisho. Kufuta alama peke yake hakuondoi maandishi ya mwenye diski wa kwanza. Diski ya gigabaiti 2,000 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde itachukua karibu saa 4. Basi kazi hiyo ifanywe siku ambayo umeme ni wa kuaminika. Baada yake kumbukumbu ya afya isomwe tena. Ikiwa makosa yameongezeka, diski imejihukumu yenyewe. Diski zisizozunguka, yaani SSD, hufutwa kwa amri yao ya ndani, kwani sifuri za kawaida huweza kuacha maandishi katika sehemu zilizofichika.

Siri za watu

Maandishi yanayokutwa ndani ya diski iliyonunuliwa ni mali ya wengine. Hayafai kusomwa wala kunakiliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inalinda taarifa za watu, na ulinzi huo unawahusu pia wanachama wetu. Kwa hiyo chama kinapouza au kutupa diski yake, nacho kiifute kwanza. Majina, namba za simu na madeni ya wakulima si bidhaa ya kupeleka sokoni.

Nakala ni jambo jingine

Diski mbili zilizotayarishwa vema zaweza kufungwa pamoja kwa namna ya nakala, moja ikifa nyingine ikaendelea. Ni afadhali zisiwe pacha wa umri mmoja zilizotoka katika kundi moja, maana zilizochoka pamoja huweza kufa pamoja. Hata hivyo kundi si akiba. Karani akifuta hesabu kwa bahati mbaya, itafutika katika diski zote mbili saa ile ile. Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba, 2016, lililobomoa majengo mengi mkoani Kagera, lilionyesha kwamba vitu vilivyo chini ya paa moja huangukiwa pamoja.

Kwa hiyo kila chama, kiwe cha Bukoba au cha Muleba, hakina budi kuweka nakala nyingine mbali na ofisi, na kuifungua mara kwa mara kuthibitisha kwamba inasomeka. Kamati itamke katika kikao ni nani anayeitunza na inapelekwa siku gani, na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Diski ya bei nafuu itakuwa imekiwekea chama akiba ya kweli pale tu ambapo kilo za kila mkulima zitaonekana hata siku itakapokufa.