Kariakoo, Tandale au genge la mtaani: wapi hela yako inashibisha zaidi

Mama wa Mbagala au Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam, anayelisha watu sita ana njia mbili za kununua chakula. Anaweza kuchukua kidogo kidogo kila siku kwenye genge la jirani, au akapanda daladala hadi Kariakoo na kurudi na mzigo. Wengi tumezoea kusema Kariakoo ndiko rahisi, tukaishia hapo. Lakini vipo vyakula vinavyolipa nauli na vipo visivyolipa, na unachochagua kununua kina uzito kuliko soko unalokwenda.

Bei za chakula hupanda na kushuka kila wiki. Kwa hiyo shilingi zinazotajwa hapa ni za mfano. Shika hesabu, kisha weka bei utakazozikuta.

Anza na nauli

Tuseme nauli ni 700 kwenda na 700 kurudi, jumla 1,400. Tuseme pia mchele na maharage vinapungua shilingi 400 kwa kilo ukilinganisha na duka la mtaani. Ukinunua kilo 2 umeokoa 800, yaani umepata hasara ya 600 na jua juu yake. Ukinunua kilo 10 za mchele na 4 za maharage umeokoa 5,600. Toa nauli, zinabaki 4,200, na hiyo ni mboga ya siku kadhaa.

Ndiyo maana safari ya Kariakoo ni ya vyakula vikavu: mchele, maharage, choroko, kunde, dagaa, karanga, viungo. Jengo la soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, lakini mitaa inayolizunguka haikuacha kuuza. Tandale nako ni kwa nafaka, na kwa anayeishi Sinza au Manzese ni karibu zaidi. Ndizi na matunda, nenda Mabibo. Nyanya, vitunguu na viazi vya jumla, Ilala. Samaki ni Feri, asubuhi boti zinapofika: majirani wakichanga hela wanaweza kununua ndoo ya vibua mnadani wakagawana, badala ya kila mmoja kulipia faida ya mchuuzi.

Mchicha, matembele, bamia na nyanya za siku mbili tatu, nunua gengeni. Mboga nyingi za majani hulimwa humu humu mjini na hufika mtaani asubuhi zikiwa bado mbichi. Ukizitoa Kariakoo ndani ya daladala iliyojaa, zinafika zimenyauka, na mboga iliyotupwa ndiyo mboga ghali kuliko zote.

Kisado au kilo?

Kisado, kopo na fungu hupima ujazo, havipimi uzito. Kopo lililobonyezwa kitako linaonekana limefurika huku ndani limepungukiwa. Fungu nalo hubadilika kimyakimya: bei inabaki ileile, nyanya zinatoka sita zinakuwa nne. Usilinganishe bei ya kisado cha muuzaji mmoja na cha mwingine. Uliza bei ya kilo na uone mizani ikisoma sifuri kabla bidhaa haijawekwa. Mizani ya biashara inapaswa kuwa imekaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mnunuzi ana haki ya kuulizia alama ya ukaguzi. Kuomba kupimiwa si kumdharau mtu. Muuzaji mwaminifu hupima bila kununa.

Protini ya shilingi 1,000

Hapa ndipo fedha nyingi za familia zinapopotelea. Chukua bei za mfano na uangalie shilingi 1,000 inaleta gramu ngapi za protini, kwa makadirio:

- Maharage makavu, kilo 3,000: gramu 73.
- Dagaa wakavu, kilo 12,000: gramu 50.
- Mayai, trei ya 30 kwa 9,000: gramu 20.
- Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, kilo 12,000: gramu 17.

Hata bei ya dagaa ikipanda mara mbili, bado wanaishinda nyama. Isitoshe, dagaa huliwa wazima na mifupa yao, na humo mtoto anapata madini ya kalsiamu ambayo mnofu hauna kwa wingi. Maharage yana gharama moja iliyojificha, nayo ni mkaa. Yaloweke usiku kucha, umwage maji, upike mengi kwa mara moja, nusu uyaunge kesho. Usiyale peke yake pia: maharage na ugali au wali hukamilishana, kila kimoja kikijazia protini iliyopungua kwa mwenzake.

Nyama si adui. Lakini robo kilo iliyokatwakatwa ndani ya sufuria ya kunde au kisamvu inafika kwa watu sita, ambapo nusu kilo ya rosti inawaishia wakubwa.

Dona, sembe na chenga

Sembe ni nyeupe kwa sababu mahindi yamekobolewa, na pumba na kiini vimeondoka na sehemu kubwa ya vitamini, madini na mafuta. Dona imebaki navyo. Kwa fedha ileile dona inalisha vizuri zaidi. Kasoro yake ni kwamba mafuta ya kiini huiharibu mapema, hivyo nunua ya wiki mbili, usinunue ya miezi miwili. Upande wa mchele, supa ya Kyela yenye harufu ni ya sikukuu. Chenga ni mchele uleule uliovunjika, na lishe yake haikupungua kwa kuvunjika. Kwa uji, vitumbua na hata wali wa kila siku unatosha kabisa.

Nunua kwa msimu. Nyanya hupanda wakati wa masika na kushuka kiangazi. Machungwa ya Muheza hujaa katikati ya mwaka, maembe mwishoni. Tunda la msimu ni tamu na rahisi kwa wakati mmoja.

Rahisi ya kukimbia

Usinunue karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi, wala mahindi yenye ukungu, hata ukipunguziwa nusu ya bei. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Samaki mwenye jicho lililozama na shavu lililopauka pia muache, hata kama ni saa ya kufunga na anauzwa bei ya kutupa.

Uamuzi

Kwa mwenye kipato kidogo, mpango unaolipa ni huu: safari moja ya soko la jumla kila mshahara au mchezo wa kupeana hela unapotoka, kwa vyakula vikavu vya mwezi, Feri au Mabibo kwa kuchangia na majirani, na genge la mtaani kwa mboga za majani kila siku. Asiyeweza kutoa hela ya mwezi kwa pamoja aungane na wenzake wawili watatu, mmoja aende kwa niaba ya wote na nauli igawanywe. Utakachookoa usikirudishe kwenye soda na biskuti. Kitie kwenye dagaa, mayai na matunda ya watoto, maana wao ndio wanaokua.